Je, wajua kwa nini ubishi wa nani mkali wa jukwaa hauishi?

Waweke vijana watano na wazee wawili kwenye benchi la kahawa, halafu uliza nani mkali wa jukwaa wa muda wote, uone. Mmoja atasema Michael Jackson na hataki kusikia jina lingine, mzee atakwambia nyie hamkumuona James Brown, wa pembeni atauliza Franco wa Kongo mnamweka wapi, na kama mko Unguja lazima kuna mtu ataleta Bi Kidude na hapo ndo kahawa inapoa kabisa. Ubishi huu hauishi kwa sababu kila mtu kaja na mizani yake. Huyu anapima sauti, yule anapima miguu, mwingine anahesabu kaseti zilizouzwa, sasa mtakubaliana vipi?

Mimi nina mizani moja tu na naitetea popote. Sauti nzuri unaweza kuitoa studio, kucheza unaweza kucheza mbele ya kioo chumbani kwako, lakini jukwaani kuna watu, na ukitaka kumpima msanii wa jukwaa mwache kidogo yeye, waangalie wao. Wanafanya nini? Wanafanya wote? Yule wa mwisho kabisa, aliyekaa karibu na geti, naye yumo?

Tuanze na mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi, Wahindi wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarat, baba yake akifanya kazi serikalini enzi za Mwingereza. Akapelekwa bodingi India, akarudi kisiwani, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Dunia inamjua kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen.

Sasa njoo Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Ni tamasha la Live Aid, la kuchangia watu waliokuwa wanakufa njaa Ethiopia. Uwanjani kuna watu kama 72,000, wako pale tangu saa 6 mchana, wamepigwa jua, wameshaona bendi kibao na kila bendi inapewa kama dakika 20 inashuka. Queen wanapanda saa 12:41 jioni, na jioni ya Julai kule ni mchana kweupe, kwa hiyo zile taa za kupamba shoo hazina kazi. Halafu wale sio watu wa Queen peke yao, kila mtu kaja na bendi yake moyoni. Yaani kila kitu ambacho msanii anajifichia nyuma yake kimeondolewa. Freddie kavaa singlendi nyeupe na jinzi, mkononi ana maiki yenye kipande cha stendi, maana zamani stendi ilivunjika katikati ya shoo, akaona inamfaa vile vile, hakuiacha tena.

Na hawakuja kubahatisha. Walikuwa wameingia mazoezini ukumbi wa Shaw Theatre, wakazikata nyimbo zao zikae ndani ya zile dakika, wimbo mmoja ukiisha mwingine umeshaingia.

Katikati ya shoo anasimama peke yake, bendi imenyamaza, anaita "Eeee-oh!" Uwanja unajibu. Anaongeza madoido kidogo, uwanja unajibu na madoido yale yale. Anaivuta moja ndefu mpaka unajiuliza pumzi anaitoa wapi, na watu 72,000 wanaivuta hiyo hiyo. Hakuna maneno, hakuna aliyefundishwa, na hata asiyejua wimbo hata mmoja wa Queen anaweza kuitikia.

Kwa nini ilifanya kazi? Hapa ndo utamu ulipo. Sauti ni ya taratibu kuliko tunavyodhani, inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 100 kutoka jukwaani anakusikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya wewe kutoa sauti, akikujibu jibu lake linachukua theluthi nyingine kurudi, kwa hiyo jukwaani unalisikia limechelewa zaidi ya nusu sekunde. Nusu sekunde kwenye muziki ni kubwa sana, kwenye wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hilo ni pigo zima limepotea. Ndo maana msanii akiwaimbisha watu wa uwanja mzima juu ya mdundo unasikia kitu kama zogo, wa mbele wameshamaliza wa nyuma bado wanavuta. Freddie akiita ananyamaza, kwa hiyo ule ucheleweshaji wote unamezwa na kimya chake. Sauti inakwenda mpaka nyuma, inarudi kama wimbi, ikitulia ndo anaita tena. Jukwaani haonekani mtu anayesubiri, anaonekana mtu anayesikiliza.

Na sisi hili tunalijua tangu utotoni. Bibi akisema "Paukwa!" watoto wote "Pakawa!", hata yule aliyekuwa anasinzia anaamka kwa sababu akikaa kimya inajulikana. Sisemi Freddie alilitoa Unguja, hilo sina ushahidi nalo, nasema chombo ni kile kile: anayeita anaacha nafasi, na nafasi ile ni ya msikilizaji.

Dakika chache kabla ya hapo kulikuwa na Radio Ga Ga, na wimbo ule una makofi mawili yanayopigwa juu ya kichwa, watu walikuwa wameyaona kwenye video ya 1984. Angalia picha za siku ile, mikono inapanda yote, uwanja mzima kama shamba la mpunga linalopigwa na upepo. Kofi la kifuani anakuona jirani yako tu, la juu ya kichwa anakuona hata wa upande wa pili wa uwanja, na kuona hakucheleweshwi kama kusikia. Wanasaikolojia nao wamejaribu hili, watu wakipewa kufanya mwendo mmoja kwa wakati mmoja hutoka hapo wakiwa karibu zaidi na tayari kushirikiana kuliko waliofanya kila mtu kivyake. Yaani umekuja mgeni, unatoka mna kitu.

James Brown, yule Mmarekani wa muziki wa soul, alifanya kwa njia nyingine kabisa. Anaimba mpaka anaanguka magotini, MC wake Danny Ray anakuja na joho, anamfunika mabegani, anamshika taratibu kumtoa nje kama mgonjwa. Hatua chache Brown anasimama, anatikisika, anatupa joho, anarudi kwenye maiki anaanguka tena. Halafu tena. Wazo alilipata kwa mwanamieleka Gorgeous George, yule wa majoho ya fahari. Watu wanajua kabisa atarudi, na bado kila akitolewa wanapiga kelele asiondoke, wao ndo wanamrudisha! Nyuma yake bendi inamtazama mikono, maana akimkamata mtu kakosea noti anampa ishara ya faini pale pale huku anacheza. Septemba 1974 alipanda Kinshasa kwenye tamasha lililofungamana na pambano la ngumi la Ali na Foreman, tamasha moja na Miriam Makeba, B.B. King, Celia Cruz, na wenyeji Franco na Tabu Ley.

Na wenyeji wale walikuwa na lao. Rumba ya Kikongo inaanza pole pole, unasikiliza maneno, kisha linaingia sebene, mwimbaji anawapisha magitaa na watu wanainuka. Pale anayetazamwa ni mchezaji. Kumpa mtu aliyelipa kiingilio sehemu ya wimbo ambayo ni yake, mimi naona huo ni ukarimu mkubwa.

Michael, ambaye utotoni alikuwa anamtazama James Brown kutoka pembeni mwa jukwaa, watu wengi wanamkumbuka kwa ile hatua ya kurudi nyuma aliyoionyesha kwenye televisheni mwaka 1983. Mimi kinachonishangaza zaidi ni tarehe 31 Januari 1993, uwanja wa Rose Bowl pale Pasadena, mapumziko ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani. Anaibuka jukwaani, anasimama. Basi. Miwani nyeusi, ngumi kazikunja, hageuki, hatikisiki, zaidi ya dakika nzima, na kelele zinapanda tu. Dakika ya televisheni siku ile ni mali, yeye kaitumia kusimama. Akigeuza shingo tu, watu wanaona kama kapaa.

Nikirudi kwa Bi Kidude, kuna wanaosema si wa kuwekwa kundi hili kwa kuwa hakuwahi kujaza Wembley. Hapo nakataa kwa nguvu zote. Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 na kuzikwa kwao Unguja, alitoka kwenye unyago, na kwenye unyago hakuna jukwaa, hakuna mstari kati ya mpigaji na aliyekuja. Ngoma kaibana miguuni, mwili mdogo, sauti imekwaruza kama mti mkavu, anatupa mstari mmoja na kina mama wanaupokea kabla haujafika chini. WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, walimpa tuzo yao mwaka 2005, ila watu wa Unguja hawakuhitaji kuambiwa.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, kwa dakika 20 peke yake namba moja ni Freddie, kwa usiku mzima ni James Brown, na kwa maisha mazima ni Bi Kidude. Anayebisha alete video, ila tukiiangalia tuangalie wale wa nyuma karibu na geti.