Kidonge kimoja, damu tofauti: jeni na dozi ya dawa

Miaka ile efavirenzi ilipokuwa dawa ya mstari wa kwanza kwa wanaoishi na VVU, sisi wafamasia tulisikia lalamiko moja kuliko yote. Mgonjwa alimeza kidonge cha miligramu 600 kabla ya kulala, kama alivyoelekezwa, akaota ndoto za kutisha usiku kucha na kuamka asubuhi akiyumba kama mlevi. Wengi walizoea baada ya majuma machache, lakini wapo ambao hali hiyo haikuwaachia kamwe, ilhali mwenzao wa uzito uleule, aliyekuwa akichukua dawa kwenye kliniki ileile, hakuwa na la kusimulia.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kabla ya kutoka mwilini, na kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, ambayo kwa kawaida tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kinachovunja efavirenzi hutokana na jeni iitwayo CYP2B6. Badiliko la herufi moja tu, katika nafasi ya 516, hudhoofisha kimeng'enya hicho, na mtu aliyerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili anaweza kuwa na kiwango cha dawa katika damu kinachozidi cha wenzake mara kadhaa, ingawa amemeza dozi ileile. Badiliko hilo limeenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko Ulaya.

Waliokuwa na kifua kikuu walituletea fumbo kubwa zaidi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huchochea ini kutengeneza vimeng'enya vingi, kwa hiyo tulifundishwa kutarajia kwamba efavirenzi ingeshuka katika damu, na baadhi ya miongozo ilishauri dozi ipandishwe hadi miligramu 800 kwa wenye uzito mkubwa. Kwa waliorithi nakala mbili dhaifu, mara nyingi haikushuka, na kwa baadhi yao ilipanda, kwa sababu isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, huiziba njia ya akiba ambayo ini lingeitumia pale CYP2B6 inaposhindwa.

Msomaji asihitimishe kwamba kuvunja dawa haraka ni bahati njema. Kodeini, kwa mfano, yenyewe ina nguvu kidogo sana. Huondoa maumivu pale tu ini linapoigeuza kuwa mofini kwa kimeng'enya cha jeni CYP2D6. Asiye na kimeng'enya hicho haoni nafuu, na mwenye nakala za ziada za jeni hiyo hutengeneza mofini nyingi kwa muda mfupi, kiasi kwamba mtoto mdogo anaweza kuishiwa pumzi kwa dozi ya kawaida. Mwaka 1996 mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walichapisha matokeo kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada. Zimbabwe na Tanzania, kwa upande mwingine, imeenea aina ya jeni hiyohiyo inayopunguza kasi ya kimeng'enya. Ndiyo maana sina subira na mtu anayezungumzia "dozi ya Mwafrika", kana kwamba bara zima lina ini moja.

Je, basi kila mgonjwa apimwe jeni? Kwa dawa chache, ndiyo, na nchi tajiri hufanya hivyo. Kwetu, kwa maoni yangu, kilichowaokoa watu wengi zaidi ni kuchagua dawa au dozi ambayo tofauti za jeni haziigeuzi kuwa hatari. Jaribio la ENCORE1 lilionyesha kwamba miligramu 400 za efavirenzi zinafubaza virusi sawa na 600, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiweka dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, mbele kama chaguo la kwanza. Kwa malaria, dawa ya Lapdap iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu dapsoni iliyomo ilipasua chembe nyekundu za damu za watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria. Primakwini, dawa nyingine ya malaria, ina hatari hiyohiyo, lakini tangu mwaka 2012 inapendekezwa kutolewa mara moja tu, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili kuzuia maambukizi ya falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, yasienee. Dozi hiyo ni ndogo kiasi kwamba haihitaji kipimo cha G6PD kwanza.

Vitamini B6 inayoambatana na isoniazidi imo katika mantiki hiyohiyo. Wenye jeni ya NAT2, ya kimeng'enya kinachovunja isoniazidi, ya mwendo wa polepole hukaa na isoniazidi mwilini kwa muda mrefu, na hao ndio wanaoelekea zaidi kupata ganzi na miguu kuwaka moto, mambo ambayo vitamini hiyo hutolewa kuyazuia. Kwa hiyo unayeanza dozi ya kinga ya kifua kikuu usikiache kidonge hicho kidogo ukidhani ni cha kuongeza hamu ya kula, na ukianza kuhisi ganzi, rudi kliniki useme kabla ya kujipunguzia dawa mwenyewe.