Mwamba wa sakafu ya bahari si matumbawe

Maji yakipwa pwani ya mashariki ya Unguja, hakosekani mtu wa kupiga picha matumbawe makavu na kuandika kwamba amesimama juu ya sakafu ya bahari. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mno kuyaacha yapite.

Mwamba wa sakafu ya bahari ni basalti, jiwe jeusi zito la volkano. Chini yake kuna gabro, iliyotokana na mwamba ulioyeyuka uleule ila ikaganda polepole. Ganda lote hilo lina unene wa kilomita 6 au 7 hivi, na huzaliwa pale mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, yanapoachana, kama kwenye safu ya milima ya Carlsberg iliyo chini ya Bahari ya Hindi. Juu yake hulala matope.

Shida ni kwamba tumeyafanya maji kuwa kipimo: kilichofunikwa na maji ya chumvi basi ni sakafu ya bahari. Sivyo. Mkondo wa Zanzibar, yaani bahari iliyo kati ya Unguja na bara, una kina cha makumi ya mita tu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Chini ya mkondo huo ni bara lililofunikwa na maji. Matumbawe nayo ni mabaki ya viumbe, ndiyo maana wazee waliyachoma wakapata chokaa ya kujengea. Basalti hata uichome wiki nzima, chokaa hutaipata.

Umri nao hutofautiana mno. Sakafu ya bahari mara chache huzidi miaka milioni 200, ilhali graniti ya Mwanza, ambayo ni mwamba wa bara, imepita bilioni 2.5.

Na kinyume chake ni kweli pia: mwamba wa sakafu ya bahari unaweza kuwa nchi kavu. Jamaa zetu wa Oman wanaotoka Sohar kwenda Buraimi hupita Wadi Jizzi, ambako basalti imelala kwa mafungu ya mviringo yaliyobebana kama mito ya kulalia. Lava ilitokea chini ya bahari, ngozi yake ikaganda ilipogusa maji baridi na ndani ikabaki moto, kisha ikapasuka na kutoa fungu jingine. Hiyo ni sakafu ya bahari yenyewe, ya miaka milioni 95 hivi, iliyosukumwa juu ya ukingo wa Arabuni. Sehemu kubwa ya milima ya Oman, ya eneo la Samail ikiwamo, ni miamba ya namna hiyo.

Kwa hiyo aliyesimama Jambiani maji yakiwa yamekupwa aandike tu kwamba yuko juu ya mwamba wa matumbawe, ukingoni mwa bara la Afrika. Sakafu ya bahari iko mashariki yake, mbali, baada ya mteremko mrefu, kwenye kina cha maelfu ya mita.