Shingo ya mtoto ikivunjika: fremu au upasuaji?

Mzazi anapoambiwa mwanawe amevunjika shingo, swali la kwanza huwa ni moja: atapasuliwa? Jibu hutegemea kilichoumia, mfupa au kano. Mfupa wa mtoto ukitulizwa mahali pake huunga. Kano zinazoshika fuvu na pingili za juu zikishakatika, hazirudi kuwa imara hata avae fremu ya kutuliza kichwa mwaka mzima.

Kwa watoto wa chini ya miaka 8, majeraha mengi ya shingo hutokea juu kabisa, kuanzia chini ya fuvu hadi pingili ya tatu, kwa kuwa kichwa chao ni kizito na misuli ya shingo bado dhaifu. Pingili ya pili ina kijino kinachosimama kuelekea juu, na kabla ya miaka 7 hivi kijino hicho mara nyingi kimeshikwa na gegedu tu. Gari likigonga, kichwa hutupwa mbele na ufa hupita papo hapo kwenye gegedu. Ufa wa namna hii mara nyingi hauhitaji kisu. Daktari hurudisha kijino kwa kunyoosha shingo nyuma taratibu akiongozwa na eksirei, kisha huifunga kwa takriban miezi 3.

Kola laini haitoshi, kwa sababu kichwa bado kinacheza ndani yake. Kinachotumika ni fremu ya halo: pete inayozunguka kichwa na kushikwa kwenye fuvu kwa pini, iliyoungwa kwa vyuma na fulana ngumu ya kifuani. Mtu mzima hufungwa pini 4. Fuvu la mtoto mdogo ni jembamba, kwa hiyo hupigwa kipimo cha CT (picha za kina za eksirei) kwanza ili kuona penye unene, halafu pini 8 au zaidi hukazwa kwa robo hadi nusu ya nguvu ya mtu mzima. Pini chache zilizokazwa sana zinaweza kutoboa fuvu.

Nyumbani, safisha kila pini kila siku kwa pamba yake, usihamishe pamba ya pini moja hadi nyingine. Usimnyanyue mtoto kwa kushika vyuma. Usaha, wekundu, pini inayolia au kulegea, au mtoto kushindwa kumeza: rudi hospitali siku hiyo hiyo, na usikaze pini mwenyewe. Spana ya fulana ibaki imebandikwa kifuani muda wote, maana moyo ukisimama ndiyo itakayofungua njia ya kuukandamiza.

Upasuaji unahitajika fuvu likichomoka kwenye pingili ya kwanza, kano ya kijino ikikatika, uti wa neva ukibanwa, au kijino kikikataa kurudi. Pingili huunganishwa kwa skrubu au waya na kipande cha mfupa wa nyonga au ubavu. Gharama yake ni ya maisha: pingili mbili za juu zikifungwa pamoja, karibu nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto hupotea. Ndiyo maana hatuanzi nao pale ambapo mfupa unaweza kuunga wenyewe.

Fremu ikitolewa, eksirei hupigwa mtoto akiinamisha na kuinua shingo, daktari akiwepo. Kijino kikiwa bado kinacheza, ndipo upasuaji unapozungumzwa tena.