Taa kubwa inapofifia upande mmoja na muuzaji hataki kupima

Taa kubwa ya gari inapofifia upande mmoja huku ya upande wa pili ikiwaka vizuri, ushauri ambao mwenye gari hupewa kwanza, iwe ni kwenye gereji ya mtaani au kwenye yadi aliyonunulia gari, ni kununua taa nzima. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam, na ushauri huo nimeusikia ukitolewa mara nyingi na mtu ambaye hata mita ya kupimia umeme hajaishika. Siukubali. Taa inayotumia balbu ya halojeni haina ndani yake kitu cha kupunguza umeme unaofika kwenye balbu, kwa kuwa soketi huchomekwa moja kwa moja kwenye miguu ya balbu yenyewe. Kioo kikipauka au kiakisi kikichubuka, mwanga hutawanyika, lakini kasoro hiyo utaiona kwa macho mchana kweupe. Balbu inapowaka kwa rangi ya njano iliyopooza, ujue volti haijafika yote, na volti ni kitu cha kupimwa.

Nitaeleza kwa gari la mama mmoja, mwalimu anayetoka Kibaha kabla ya alfajiri kuja kazini mjini. Alinunua gari dogo la Kijapani lililokwishatumika, akapewa na yadi karatasi ya waranti ya miezi 3. Baada ya wiki chache dimu ya kulia, yaani mwanga wa chini, ilianza kufifia. Yadi ilimbadilishia balbu, taa ikawaka vizuri kwa siku kadhaa, kisha ikarudi ilivyokuwa. Aliporudi mara ya pili aliambiwa, "Mama, hiyo taa imechoka, nunua nyingine, na vitu vya umeme havimo kwenye waranti." Hakuna aliyefungua boneti.

Kupona kwa siku chache halafu kurudi kuugua ni dalili yenye thamani kubwa, na inasikitisha kwamba yadi iliitumia kumlaumu mteja badala ya kuifuatilia. Fundi anapochomoa soketi na kuirudisha kwenye balbu mpya, vyuma vya ndani husuguana, masizi na kutu hukwanguka kidogo, na mgusano unakuwa mzuri kwa muda. Joto likiendelea kuuchoma, ugonjwa unarudi. Kwa hiyo taa iliyopona kwa kubadilishwa balbu haijathibitisha kwamba balbu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Nilianza kwa kuhamisha balbu ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, kazi ambayo haihitaji kifaa chochote isipokuwa uangalifu wa kutoshika kioo cha balbu kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huunguza kioo hicho kikipata joto. Upande wa kulia uliendelea kufifia, kwa hiyo balbu haikuwa na hatia. Fyuzi nayo ilikuwa nzima. Mita ndiyo iliyobaki.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, na ningependa nieleweke vizuri. Ukichomoa soketi na kupima ndani yake, mita itakuonyesha volti 12 na zaidi hata kama njia ya umeme imebakiza unyuzi mmoja tu, kwa sababu mita hutumia mkondo mdogo mno, na pasipo mkondo wa maana hakuna volti inayopotea njiani. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa taa ikiwa inawaka, soketi ikiwa mahali pake, na ncha nyembamba za mita zikipenyezwa kutoka nyuma ya soketi mahali waya unapoingia. Injini ikinguruma, betri ya gari lile ilisoma volti 14.2. Balbu ya kulia, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ilipata 10.9 tu. Volti 3.3 zilikuwa zimepotea njiani.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Katika magari mengi ya Kijapani yenye balbu ya H4, yaani balbu moja ya miguu mitatu inayotoa dimu na fulu (mwanga wa mbali), umeme chanya hufika kwenye mguu wa pamoja wa balbu kupitia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na swichi ya kwenye usukani huchagua kati ya dimu na fulu kwa upande wa hasi. Fundi aliyezoea mfumo wa kinyume akikuta chanya kwenye mguu anaoudhania kuwa ni wa ethi (hasi inayopitia bodi ya gari), huanza kukata waya na kuunga upya, na hapo ndipo gari linapoharibika kweli. Kabla ya kukisia mguu upi ni upi, pima kila mmoja ukilinganisha na bodi ya gari, kisha andika ulichokiona.

Kutoka chanya ya betri hadi mguu wa pamoja wa balbu ya kulia zilipotea volti 0.2, na hilo si tatizo. Kutoka mguu wa dimu hadi hasi ya betri zilipotea 3.1, ilhali upande wa kushoto, unaotumia swichi ileile, ulipoteza 0.4. Swichi ilikuwa nzima basi, na ubovu ulikuwa kabla ya mahali ambapo waya za pande mbili hukutana. Niliisogeza ncha ya mita kutoka kwenye mguu wa balbu hadi kwenye waya sentimita chache nje ya soketi, na upotevu ukashuka papo hapo hadi 0.4. Volti 2.7 zilikuwa zinaishia ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba. Kwa mkondo wa ampea 4 na kidogo, hizo ni wati 11 hivi za joto, na soketi ilikuwa ya moto kiasi cha kutovumilika mkononi. Nilipoichomoa, plastiki iliyozunguka mguu wa dimu ilikuwa imegeuka kahawia na kuanza kutepeta, na chuma chake kilikuwa kimelegea na kupoteza mng'ao wote.

Soketi huungua hivi mara nyingi kwa sababu kuna mtu aliwahi kuweka balbu ya wati 100 mahali pa balbu ya wati 55. Kwa volti 12, ya wati 55 huvuta ampea 4.6, ya wati 100 huvuta 8.3, na kwa kuwa joto kwenye mgusano huongezeka kwa mraba wa mkondo, soketi hubebeshwa joto zaidi ya mara 3 ya lile iliyotengenezewa. Nuru nayo haipungui kwa uwiano sawa na volti. Hushuka kwa kasi zaidi, kiasi kwamba taa iliyopata 10.9 wakati mwenzake ikipata 13.6 hutoa mwanga usiofika nusu. Kwa mtu anayeendesha gizani kwenye barabara yenye bodaboda na watembea kwa miguu pembezoni, nusu hiyo ni suala la uhai.

Mwalimu aliniomba nitengeneze palepale, nami nikamshauri vingine. "Mama, nikikata waya leo, kesho watasema mimi ndiye niliyeharibu." Badala yake nilimpigia picha mita ikisoma taa ikiwa inawaka, picha ya soketi iliyoungua, na picha ya kilomita kwenye dashibodi. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe, namba ya usajili, namba ya chasisi, dalili, siku yadi ilipobadilisha balbu, na vipimo vyote pamoja na mahali kila kimoja kilipochukuliwa. Barua iliomba mambo mawili tu: fundi wao apime palepale na aandike majibu yake, na kama wanakataa, waandike sababu na kifungu cha waranti wanachokitegemea. Nilimsihi aipeleke kwa msimamizi wa gereji yao badala ya kijana wa mauzo, na arudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Karatasi ya waranti tuliisoma yote. Iliondoa balbu na betri. Haikusema neno lolote kuhusu waya na soketi, kwa hiyo ile kauli ya "vitu vya umeme" haikuwa na msingi katika maandishi yao wenyewe. Hata pasipo waranti, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora yanayohesabiwa kuwa yamo katika mkataba hata kama hayakuandikwa, muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua, lakini soketi iliyojificha nyuma ya taa si kitu cha kuonekana kwa kulizunguka gari uwanjani. Soma pia ulichosaini, kwa sababu masharti hayo yanaweza kuondolewa kwa makubaliano. Muuzaji akishikilia msimamo wake, malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, na nakala yenye muhuri itakufaa huko kuliko maelezo ya mdomo.

Yadi ilimwita. Fundi wao alipima mbele yake, akapata namba zinazokaribiana na zangu, na soketi mpya ikafungwa bila malipo, ikiwa na vipande vipya vya waya vilivyobanwa vizuri badala ya kusokotwa na kufungwa utepe. Gharama yangu ya kupima walikataa kuirudisha, na nadhani walikosea, kwa sababu ndiyo kazi waliyopaswa kuifanya tangu siku ya kwanza. Nilipopima tena baada ya matengenezo hayo, upande wa hasi wa taa ya kulia ulipoteza volti 0.4, sawasawa na kushoto, na balbu zote mbili zilikuwa za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, kama kiwanda kilivyokusudia.