Noboli Tatu za Lord's na Kosa Lisilohitaji Mechi Kuuzwa

Jumamosi iliyopita, wakati wa mapumziko ya chai pembeni mwa uwanja wa kriketi hapa Dar es Salaam, wakili kijana ambaye kazi yake naiheshimu aliniambia kwa uhakika kabisa: "Msomi, wale vijana wa Pakistani walionewa. Mechi hawakuiuza." Alikuwa anawasema wachezaji watatu wa kriketi wa Pakistan waliofungwa Uingereza kwa kurusha mipira haramu kwa malipo. Kauli hiyo nimeisikia kwa wachezaji, kwa makocha, kwa waandishi wa habari na hata kwa hakimu mmoja mstaafu, na kila mara nimejibu kwa ufupi kisha tukaendelea na chai. Safari hii najibu kwa maandishi, kwa sababu ikitoka kinywani mwa mwanasheria ina madhara: kijana anayeisikia ataamini kwamba akipokea fedha na timu yake isipungukiwe na kitu, basi hajavunja sheria yoyote.

Sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu. Tunasema "kuuza mechi", tunasema "kupanga matokeo", na maneno hayo hutupeleka moja kwa moja kwenye ubao wa matokeo kana kwamba kosa linakaa huko. Testi moja, yaani mechi ndefu ya kimataifa ya siku tano, inaweza kuwa na mipira zaidi ya 2,000, na kila mpira ni tukio lenye mwanzo na mwisho wake, ambalo mtu mmoja anaweza kuliamua peke yake bila mwenzake yeyote uwanjani kujua. Mchezo wa namna hiyo una vitu vingi vya kuuzika kuliko matokeo, na kwa uzoefu wangu matokeo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kukiuza, kwa kuwa yanahitaji watu wengi wakubaliane na wote wanyamaze.

Turudi Lord's, uwanja wa kriketi wa London, Agosti 2010. Mazhar Majeed, wakala wa wachezaji, alipokea pauni 150,000 kutoka kwa mwandishi wa gazeti la News of the World aliyejifanya mtu wa kamari, akamtajia mapema mipira mitatu ambayo ingekuwa noboli, yaani mipira haramu ambayo kila mmoja huwapa wapinzani mkimbio, pointi ya kriketi. Mohammad Amir, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alirusha mbili, na Mohammad Asif akarusha moja, chini ya unahodha wa Salman Butt, na zote zilikuja pale pale zilipotajwa. Uingereza ilishinda kwa ingwe moja (zamu ya timu kupiga) na mikimbio 225. Hapo ndipo mwenzangu anapojiona ameshika hoja: kwa tofauti kubwa kiasi hicho wangefungwa tu, na zaidi ya hayo Amir alichukua wiketi sita, yaani aliwatoa wapigaji sita, katika ingwe ile ile ya noboli, jambo ambalo mtu aliyeuza mechi hawezi kulifanya. Nakubali kila neno la maelezo hayo. Amir hakuuza mechi. Yeye na wenzake waliuza mipira mitatu, na mashtaka yao yalihusu mipira mitatu.

Swali linalofuata huwa ni nani anayenunua mpira mmoja, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo karibu kila mtu anapopotea. Katika soko haramu la kamari la Bara Hindi, fedha nyingi haziwekwi kwenye noboli. Huwekwa kwenye idadi ya mikimbio itakayopatikana ndani ya kundi fulani la ova (ova moja ni mipira sita), na anayechezesha kamari akipelekewa dau kubwa kwamba mpira wa tatu wa ova fulani utakuwa noboli, atashtuka na kulikataa. Noboli za Lord's zilikuwa sampuli. Majeed alikuwa anamwonyesha mteja wake kwamba wachezaji anao mkononi, ili baadaye amuuzie kitu kikubwa zaidi. Kwa hiyo anayesema noboli tatu ni mikimbio mitatu tu anahesabu kitu kisichohusika, kama anayepima gunia la mpunga kwa ile konzi aliyoonjeshwa mlangoni mwa ghala.

Kutoka hapo mwenzangu huhamia kwenye ushahidi: liko wapi dau lililowekwa? Halikuthibitishwa lolote, na Jaji Jeremy Cooke, aliyesikiliza kesi katika Mahakama ya Southwark, London, alilijua hilo. Sheria ya Kamari ya Uingereza ya mwaka 2005, katika kifungu cha 42, inasema wazi kwamba haijalishi kama aliyedanganya aliongeza nafasi yake ya kushinda au kama alishinda chochote. Tena hawakushtakiwa kwa udanganyifu uliokamilika, bali kwa kula njama ya kuutenda, na njama hukamilika watu wanapokubaliana. Shtaka la pili lilikuwa njama ya kupokea malipo ya rushwa, chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 1906 ambayo adhabu yake ya juu ilikuwa miaka saba, ilhali ile ya udanganyifu katika kamari ni miaka miwili.

Katika rufaa, upande wa utetezi ulijenga hoja kwamba mchezaji si "wakala" kwa maana ya sheria ile ya 1906, yaani si mtu anayeshughulikia mambo ya mkubwa wake, na Mahakama ya Rufani ikaikataa hoja hiyo mwaka 2012. Mchezaji aliyechaguliwa na bodi ya nchi yake, anayelipwa na bodi hiyo na kuvaa jezi yake, anashughulikia mambo ya bodi kila anapouchukua mpira. Mawakili wa hapa nyumbani wangefaa kuisoma hukumu hiyo kwa makini, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 15, imejengwa juu ya uhusiano huo huo wa wakala na mkubwa wake. Anayedhani kwamba rushwa ni jambo la ofisi za serikali na vizuizi vya barabarani pekee, hajakisoma kifungu hicho.

Adhabu zilitolewa tarehe 3 Novemba 2011: Majeed miaka miwili na miezi minane, Butt miezi 30, Asif mwaka mmoja, na Amir, ambaye alikiri kosa, miezi sita katika gereza la vijana.

Kwa yule ambaye bado anahitaji mfano mdogo zaidi, yuko Mervyn Westfield, mrushaji wa Essex, timu ya Uingereza. Mwaka 2009 alipokea pauni 6,000 ili aruhusu mikimbio 12 katika ova yake ya kwanza dhidi ya Durham. Ikapatikana mikimbio 10. Alishindwa hata kutimiza alicholipiwa, na bado Februari 2012 alihukumiwa kifungo cha miezi minne. Tena yuko Herschelle Gibbs wa Afrika Kusini, aliyekubali ahadi ya dola 15,000 kutoka kwa nahodha wake Hansie Cronje ili asifikishe mikimbio 20 kule Nagpur mwaka 2000, kisha akaingia uwanjani na kupiga 74. Alifungiwa miezi sita. Alikuwa amekubali, na mikimbio yake 74 haikulifuta neno lake.

Nimeandika "alifungiwa" kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo penye mkanganyiko wa pili, ambao unaniudhi kuliko wa kwanza. Kwa Kiswahili timu inafungwa, mhalifu anafungwa, na mchezaji anafungiwa, na watu huyachanganya yote matatu katika sentensi moja. Kufungwa gerezani ni kazi ya mahakama ya jinai, chini ya sheria ya nchi fulani, kwa ushahidi usioacha shaka. Kufungiwa, yaani kuzuiwa kucheza, ni kazi ya bodi au ya Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC), chini ya kanuni ambazo mchezaji amezikubali kwa kushiriki mashindano, na kiwango cha ushahidi ni kwamba jopo liridhike vya kutosha, kiwango kinachopanda kadiri tuhuma inavyokuwa nzito lakini kisichofika kile cha jinai. Butt, Asif na Amir walifungiwa na jopo lililokaa Doha mnamo Februari 2011, miezi minane kabla ya kesi ya London kuanza kusikilizwa. Jopo halikuingoja mahakama, na mahakama haikulifuata jopo.

Kesi ya Sreesanth, mrushaji wa India aliyetuhumiwa kuuza sehemu ya mchezo, inaonyesha jinsi njia hizi mbili zinavyoweza kuachana kabisa. Alikamatwa na polisi wa Delhi mwezi Mei 2013 pamoja na wenzake wawili wa Rajasthan Royals, timu ya ligi ya India, na mwaka 2015 mahakama ya Delhi ikawafutia mashtaka wote. Siku ile nilipigiwa simu na watu watatu wakiniambia kwamba sasa ni lazima bodi ya India imwombe radhi. Bodi haikufanya hivyo, na haikuwa na wajibu wa kufanya hivyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba bodi ilikuwa na mamlaka ya kumwadhibu, ila ikaagiza urefu wa adhabu ufikiriwe upya, na adhabu ya kufungiwa maisha aliyopewa na bodi ikapunguzwa kuwa miaka saba. Mtu huyo huyo, kwa tukio hilo hilo, hana hatia ya jinai na ana hatia ya kimichezo, na hakuna mgongano wowote wa kisheria hapo.

Nchi nayo ina uzito wake. Januari 2022 Mahakama Kuu ya Karnataka iliamua kwamba kupanga matokeo, hata kama ni ukosefu wa uaminifu, hakufikii kosa la ulaghai katika kanuni ya adhabu ya India, na kwamba wahusika washughulikiwe na bodi. Uamuzi huo sikuupenda hata kidogo, lakini kila ninapousoma upya napata shida kuonyesha ni wapi jaji alipokosea katika sheria iliyokuwa mbele yake. Sri Lanka ilikwisha kutunga sheria maalumu mwaka 2019, yenye kifungo cha hadi miaka 10. Hapa Afrika Mashariki, Maurice Odumbe, nahodha wa zamani wa Kenya, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa uhusiano wake na mtu wa kamari, baada ya shauri lililosikilizwa na jaji mstaafu wa Zimbabwe, Ahmed Ebrahim. Hiyo ilikuwa adhabu ya mchezo, na wanaosema "Odumbe alifungwa" wanamsingizia jambo ambalo halikumpata.

Yapo mambo yasiyoniacha nilale vizuri. Fedha za Lord's zilitoka gazetini, na mwandishi aliyeweka mtego ule, Mazher Mahmood, mwenyewe alifungwa mwaka 2016 katika shauri jingine kwa kula njama ya kupotosha mkondo wa haki. Naamini hukumu ya Southwark ni sahihi, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba noboli zile zingerushwa siku ile bila fedha ya gazeti. Halafu kuna Amir: kijana wa miaka 18 aliyeelekezwa na nahodha wake, katika tamaduni ambazo mkubwa akisema mdogo hajibu. Miezi sita gerezani kwangu ni mingi, na nimebadili mawazo juu yake zaidi ya mara moja.

Linalonisumbua zaidi ni kosa la kutotoa taarifa. Shakib Al Hasan wa Bangladesh alifungiwa miaka miwili, mmoja ukiwa umesitishwa, kwa kutoripoti alivyofuatwa na mtu wa kamari. Brendan Taylor wa Zimbabwe alieleza kwamba alichukua dola 15,000 baada ya kutishwa kwa video yake akitumia kokeini, akakaa miezi minne kabla ya kuripoti, na akafungiwa miaka mitatu na nusu. Kanuni inahitajika, kwa sababu bila hiyo kila mmoja angesema hakujua la kufanya. Hata hivyo inamkamata aliyeogopa kwa urahisi kuliko inavyomkamata aliyemtisha, ambaye mara nyingi hayumo kabisa chini ya mamlaka ya ICC.

Mwenzangu aliniuliza mwishoni kama nina kesi ambayo hapakuwa na mpira hata mmoja uliorushwa vibaya. Nikamtajia Gulam Bodi wa Afrika Kusini, aliyewafuata wachezaji kabla ya mashindano ya T20 (mechi fupi za ova 20) ya mwaka 2015 akitafuta wa kushirikiana naye. Sheria ya rushwa iliyotungwa nchini humo mwaka 2004, baada ya sakata la Cronje, ina kifungu kinachohusu michezo peke yake. Gulam Bodi alikiri mashtaka manane, na Oktoba 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Waendesha mashtaka hawakutakiwa kuionyesha mahakama mechi yoyote iliyouzwa.