“Baba Ana Kazi, Hatustahili”: Dhana Potofu Kuhusu Programu za Baada ya Shule Marekani

Kila Agosti, shule zikikaribia kufunguliwa, naisikia tena kwa familia zetu zilizotoka Kongo na Burundi: “Mume wangu ana kazi. Msaada wa serikali ni wa wasio na kazi.” Nani aliwaambia? Jirani wa ghorofa ya pili.

CCDF, mfuko wa serikali kuu unaosaidia kulipia malezi ya watoto, hata ya baada ya shule, kwa kawaida unadai mzazi awe kazini, masomoni au kwenye mafunzo. Mkiwa wawili nyumbani, wote wawili. Kazi ndiyo inayokufungulia mlango! Mtoto awe na umri chini ya miaka 13, na kipato kisivuke kikomo cha jimbo, ambacho hakiruhusiwi kuzidi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo hilo. Sasa chukua mama anayepakia nyama kiwandani, shifti ya saa nane mchana. Watoto wanatoka shule saa tisa, anayewapokea ni dada yao wa miaka 11. Mfuko uliwekwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo, na ndiyo isiyoomba.

Karatasi za mshahara msizitupe jamani, ndizo za kuonyesha kipato, zitieni kwenye bahasha moja. Ukikubaliwa, kwa kawaida unakaa miezi 12 kabla ya kukaguliwa upya. Fedha hulipwa kituo kinachomlea mtoto, nawe huenda ukachangia kiasi. Majimbo mengine yana foleni, kwa hiyo msingoje Septemba.

Programu iliyo shuleni penyewe mara nyingi hata mshahara haiulizi. Nyingi zinaendeshwa kwa ruzuku ya serikali kuu iitwayo Vituo vya Kujifunzia vya Jamii vya Karne ya 21, takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Fedha hizo hupitia jimboni, zikashindaniwa na shule na mashirika. Wewe unajaza fomu ya kumwandikisha mtoto, basi.

“Kubaki shuleni ni adhabu.” Adhabu ipo, lakini hii siyo. Huku kuna hesabu, mpira, sanaa.

“Chakula tutadaiwa.” Panapotolewa mlo wa jioni wa serikali katika maeneo ya kipato cha chini, mtoto hadi miaka 18 anakula bure, bila fomu ya kipato.

“Ni ya watoto tu.” Vituo vya ruzuku ile ya Karne ya 21 vinatakiwa kuhudumia familia pia, vingine vinafundisha wazazi Kiingereza.

“Tutanyimwa kadi ya kijani.” Aliyepokelewa kama mkimbizi sheria imemwondoa kwenye kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali, kile kinachoweza kumnyima mtu kadi hiyo ya ukaaji wa kudumu. Wengine muulizeni mwanasheria wa uhamiaji, siyo kundi la WhatsApp.

Na mkienda shuleni, ombeni mkalimani. Shule ya umma inatakiwa kumtoa bila malipo. Mtoto wa darasa la tano hana sababu ya kukaa mezani akitafsiri mshahara wa baba yake.