Vanishi ya meno siyo ile ya Keko

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala alimleta mwanawe wa miaka minne. Nilipomwambia meno ya mbele tutayapaka vanishi, akanikazia macho. "Vanishi, Dokta? Kama ya makabati ya Keko?"

Keko ni mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam. Nilicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Kazi ya vanishi yoyote ni kunata juu ya kitu na kukaa. Hii yangu ni utomvu wenye floridi, madini ya kulinda meno. Hapo ndipo alipotoa hofu yake hasa: "Si ndiyo hiyo floridi inayowaharibu meno watu wa Arusha?"

Swali hilo naulizwa mara nyingi, na ni swali la mtu anayefikiri. Maji ya visima na chemchemi nyingi za Arusha, Kilimanjaro na Manyara yamepita kwenye miamba ya volkano, na mengine yana floridi kuzidi sana kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka ile meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya taya, enameli, yaani gamba gumu la nje, hujengeka vibaya. Jino linaota tayari na kasoro. Baadaye linaingia ukahawia. Kwa hiyo ubaya ule hutokana na kumeza, tena kila siku kwa miaka. Vanishi haipakwi ili imezwe. Inafanya kazi pale pale ilipogusa.

Kinachotokea ni hiki. Bakteria wa kinywani wakipata sukari hutoa asidi. Uchachu ukifika pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu umezidi), kalsiamu na fosfeti huanza kuchomoka kwenye enameli. Mate huyarudisha madini hayo, lakini yanahitaji muda, na mtoto anayetoka kwenye ubuyu kuingia kwenye jojo, kisha barafu ya ukwaju, hayapi mate nafasi hata kidogo. (Ukwaju wenyewe ni mchachu kabla hata hujautia sukari.) Floridi ikiwepo juu ya jino, madini hurudi kwa haraka, na kile kinachojengwa upya huvumilia asidi hadi karibu pH 4.5.

Ndiyo maana nawasumbua wazazi wainue mdomo wa juu wa mtoto na kutazama karibu na fizi. Ukiona mstari mweupe kama wa chaki, usioisha hata ukiufuta, jino limeanza kupoteza madini ila halijatoboka. Hapo ndipo vanishi inapofanya maajabu. Wengi, bahati mbaya, huniletea mtoto siku aliyokesha analia.

Kupaka kwenyewe ni dakika mbili tatu. Mimi na mama tunakaa tukitazamana, magoti yamegusana, mtoto kamlalia mama mapajani na kichwa kiko kwangu. Nafuta meno kwa kitambaa cha shashi, napaka kwa kibrashi, mate yanaigandisha. Ndiyo, ni kali: sehemu 22,600 za floridi kwa milioni, wakati dawa ya mswaki ya kawaida ina 1,000 hadi 1,500. Lakini kwa meno ya utoto yote natumia robo mililita tu, ambayo haifikishi miligramu 6 za floridi. Usiku huo asipige mswaki, ale vyakula laini. Muwa usubiri kesho. Tunarudia kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Vanishi haichukui nafasi ya mswaki wa nyumbani. Chini ya miaka 3, dawa ya mswaki iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3, kama punje ya njegere. Akimaliza ateme, asisukutue na maji.

Sasa, huyu kijana wa Mbagala alikuwa na jambo la pili. Magego mawili ya chini yalishatoboka, na vanishi haizibi tundu. Nikamweleza mama kuhusu floridi yenye madini ya fedha, ambayo WHO iliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Haina sindano wala mashine ya kuchimba. Tone moja kwenye tundu, na mara nyingi uozo husimama. Gharama yake ni rangi: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na haifutiki.

"Nyeusi tii?"

"Tii."

Akanyamaza kidogo, akauliza magego hayo yatadondoka lini. Nikamwambia akiwa na miaka 10 au 12, ndiyo maana hatuyang'oi ovyo. Yanalinda nafasi ya yale yajayo. Akamfungua mwanawe mdomo, akamwambia acheke, akapima kwa jicho kinachoonekana na kisichoonekana. Desemba kuna mahafali ya chekechea, na picha zitapigwa.

"Huko nyuma weka hiyo nyeusi, Dokta. Mbele weka ya Keko."